Mgeni Apewapo Jembe

Katika mji wa Cerulean kuna duka la baiskeli ambamo haiwezekani kununua baiskeli. Bei yake ni 1,000,000, na pochi ya mchezaji, hata auze kila alichobeba, haipokei zaidi ya 999,999. Pengo ni la sarafu moja tu, na sidhani kama lilitokea kwa bahati. Baiskeli ipo, ila njia yake inapita kwingine. Unashuka hadi Vermilion, mji wa bandari, unaingia katika klabu ya wapenzi wa Pokémon, na mwenyekiti anakuuliza kama umekuja kusikia habari za kipenzi chake Rapidash, farasi mwenye singa za moto. Ukikataa, maongezi yamekwisha. Ukikubali, mzee anamwaga sifa, anajirudia, anazama katika mahaba yake, kisha kwa furaha ya kupata msikilizaji anakupa hati. Hati hiyo ndiyo inayokutoa dukani na baiskeli bila kulipa chochote.

Hiyo ni Pokémon ya kwanza kabisa, iliyotoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy, mashine ya mkononi. Kwa ambaye hajaicheza, mkondo wake ni huu: mtoto anaaga kwao akiwa na kiumbe mmoja, anakamata wengine porini, anawalea, anapambana na viongozi wanane wa miji, anakusanya beji zao, na mwishowe anakuwa bingwa. Michezo mingi iliyofuata ilibadilisha nchi, viumbe na michoro, mkondo ukabaki karibu uleule. Nimeicheza mingi kati ya hiyo, kwanza kwa programu ya kuigiza Game Boy kwenye simu, baadaye kwa mashine zenyewe. Nikiulizwa leo majina ya mabingwa niliowashinda, nitataja wachache kwa kubabaika. Mwenyekiti wa Vermilion namkumbuka vizuri mno, pamoja na farasi wake.

Hadithi kuu ya michezo hii humchukua mchezaji kama mpita njia. Anafika mjini, anawatibu viumbe wake, ananunua dawa, anamshinda kiongozi, anaondoka na beji. Huyo ni mgeni wa siku mbili. Zile kazi za pembeni, ambazo mtu usiyemjua anakuomba umtafutie kitu, umpelekee barua au umsikilize tu, ndizo siku ya tatu, siku ambayo wahenga walisema mgeni apewe jembe. Wengi huisoma methali hiyo kama kemeo kwa mgeni mvivu. Mimi huiona pia kama heshima, kwa kuwa asiyepewa jembe bado hajahesabiwa kuwa mtu wa pale.

Kuna jambo moja katika miji hii ambalo Mswahili halizoei hata akicheza miaka mingapi. Hakuna hodi. Mchezaji anasukuma mlango wa nyumba ya watu, anapita moja kwa moja sebuleni, anakagua rafu za vitabu, anachungulia televisheni, anafukua hadi pipa la taka, na mwenye nyumba, badala ya kuita majirani, anaanza kumsimulia habari za mjukuu wake. Shangazi yangu aliwahi kutazama nikicheza, akataka kujua huyo mtoto kalelewa na nani. Sikuwa na jibu. Lakini bila ufedhuli huo miji ya Pokémon isingekuwa na maana, kwa sababu karibu kila jambo la thamani ndani yake limewekwa kwa mtu ambaye hukutumwa kwake.

Mji wa Celadon, katika mchezo huohuo wa 1996, unalionyesha hilo vizuri kuliko miji yote iliyoufuata. Juu ya paa la duka lake kubwa la ghorofa kuna mashine za kuuza vinywaji: maji 200, soda 300, limonadi 350. Mji jirani wa Saffron umezingirwa na walinzi wenye kiu, na hawakuruhusu kupita mpaka umpe mmoja wao kinywaji. Ukishampa, malango yote yanafunguka. (Soda ya mlinzi wa geti ni fundisho ambalo msomaji wa kwetu hahitaji kupewa na Wajapani.) Kiu ya walinzi ni sehemu ya hadithi kuu. Imekuzibia njia, kwa hiyo utaishughulikia upende usipende. Ila palepale kwenye paa, hatua chache kutoka kwenye mashine, amesimama msichana mdogo, naye ana kiu. Kiu yake haimzuii mtu. Unaweza kumaliza mchezo mzima, ukatwaa ubingwa, bila kumpa hata tone. Ukimpa maji, anakupa mbinu ya kupigana kwa barafu. Ukimpa soda, mbinu ya kuporomosha mawe. Ukimpa limonadi, mbinu ya tatu. Wachezaji wengi walipita wakaenda zao. Mimi nilimpa kwa sababu nilikuwa na chupa zilizobaki baada ya walinzi, yaani hata wema wangu ulikuwa wa makombo, na bado alishukuru.

Wako na wengine. Katika mgahawa wa Celadon yupo mwanamume aliyemaliza fedha zake zote kwenye mashine za kamari, anakupa kikasha chake cha sarafu kwa kuwa hakimfai tena. Wanaowajua vijana wetu na mikeka yao ya kubeti watamtambua mara moja. Nje ya ukumbi wa kiongozi wa mji kuna mzee anayechungulia dirishani kwa sababu ndani ni wanawake pekee. Jengo la makazi lina mlango wa nyuma. Anayelizunguka jengo hadi huko anapanda mpaka chumba cha juu na kumkuta Eevee, kiumbe adimu, amewekwa mezani akisubiri yeyote mwenye udadisi. Katika ghorofa nyingine ya jengo hilohilo wamo watengenezaji wenyewe, kampuni ya Game Freak, wamejichora wakiwa kazini, na ukikamilisha orodha ya viumbe mmoja wao anakupa cheti. Hawa wote hutawafikia kwa kufuata hadithi. Unawakuta kwa kuzurura.

Mtu aliyeibuni dunia hii aliibuni kwa sababu ya kitu ambacho mji ulimnyang'anya. Satoshi Tajiri alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, wakati ambapo bado kulikuwa na mashamba ya mpunga, madimbwi na vichaka. Alikusanya wadudu kwa bidii hadi watoto wenzake wakambandika jina la Daktari Mdudu. Kisha Tokyo ikatanuka, madimbwi yakafukiwa, nyumba na barabara zikapanda juu yake. Alipokuwa mtu mzima alitaka watoto wa mjini waipate tena ile raha ya kuinama kwenye majani bila kujua nini kitaruka. Ndiyo maana katika mchezo wake viumbe hukaa kwenye majani marefu, nje ya mji.

Kwa hiyo mtu angetarajia miji yake iwe ya chuki, au angalau iwe tupu. Haikuwa hivyo, na nimefikiri sana kwa nini. Porini, katika mchezo huu, kila kitu kinakamatika. Unatupa mpira, kiumbe anaingia, jina lake linaandikwa kwenye orodha, basi. Idadi ya kwanza ilikuwa viumbe 151 na kaulimbiu ya biashara ikawa ni kuwakamata wote. Mjini hakuna mtu anayekamatika. Mpira wako haumfai mwenyekiti wa klabu wala msichana wa paani. Hawana namba, hawaingii kwenye orodha, na ukiondoka hubaki nao mfukoni. Njia pekee ya kuwa na uhusiano nao ni ile ya kale: kusalimia, kusikiliza, kutumwa, kurudi. Mchezo wa kukusanya umeweka katikati yake sehemu ambayo ukusanyaji haufanyi kazi, na kwangu hiyo ndiyo akili yake kubwa, hata kama Tajiri na wenzake hawakuipanga kwa namna hiyo.

Mwaka 1999 zilitoka Gold na Silver, na ndani yake mna kazi ya pembeni ambayo msomaji wa Kiswahili anastahili kuijua. Nchi ya mchezo inaitwa Johto, imechorwa kwa mfano wa magharibi ya Japani, na mji wake mkubwa ni Goldenrod, wenye duka la ghorofa, mnara wa redio na njia za chini ya ardhi. Ukitoka Goldenrod kuelekea kaskazini, mlinzi wa geti anakuomba umpelekee rafiki yake ndege, Spearow aliyebeba barua. Katika toleo la Kiingereza ndege huyo ana jina alilopewa na mwenyewe. Anaitwa Kenya.

Mchezo hauelezi kwa nini. Hakuna tena mahali Kenya inapotajwa. Hakuna simba, hakuna mlima, hakuna mkimbiaji. Ni ndege mdogo mkali wa kahawia mwenye jina la nchi, katika Japani ya kubuni, akisafirishwa na mtoto kwenda kwa mwanamume anayesinzia kando ya njia. Wakenya niliowasimulia hucheka kwanza, kisha huuliza kama ndege alilipwa nauli.

Kazi yenyewe ni ya hasara ukiipima kwa mizani ya ushindi. Unaruhusiwa kutembea na viumbe sita tu, na Kenya anachukua nafasi moja. Anakoelekea ni njia uliyokwisha kuipita zamani, karibu na mji wa beji ya kwanza, hivyo inabidi urudi nyuma wakati hadithi yote inakuvuta mbele. Barua nayo, ukiisoma, haina siri: inasema tu kwamba Pango la Giza lina njia ya kutokea upande mwingine. Na ujira ni mbinu ya kumtesa adui kwa jinamizi, ambayo haifanyi kazi mpaka adui awe amelala. Zawadi hiyo inatoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe amelala. Angalau hapo watengenezaji walikuwa na utani.

Lakini angalia kilichofanyika pale getini. Mlinzi hakujui. Hakuchukua rehani wala hakuandika popote. Amekukabidhi amana kwa mkono, kama watu wa kwetu wanavyompa dereva wa basi bahasha ya kupeleka Tanga au Kisumu, kwa kuamini uso tu. Unaweza kumfungia ndege huyo kwenye hifadhi ya kompyuta na kuendelea na ubingwa wako. Mchezo hautakukumbusha, hautakuonya, hautakunyima beji hata moja. Kwa kuwa hakuna anayekudai, kufika kwa barua kumebaki juu yako peke yako. Sijui sehemu nyingine katika Gold na Silver inayompa mchezaji nafasi ya kuwa mwaminifu. Kushinda mapambano kunahitaji nguvu na hesabu, uaminifu hauingii.

Castelia, mji wa Black na White za mwaka 2010, nitaupita upesi, kama wakazi wake wenyewe wanavyopita. Umetokana na Manhattan. Unauingia kwa daraja refu, unakuta maghorofa, gati tano baharini, foleni ya aiskrimu, na umati unaotembea mkukumkuku kuvuka skrini. Penye chemchemi kuna mcheza dansi aliyepotezana na wenzake watatu. Unawatafuta mmoja mmoja mjini, unawashinda, wanarudi, wanacheza dansi, nawe unapewa sarafu ya bahati inayoongeza maradufu fedha za ushindi. Ni kazi nzuri kwa kuwa inakulazimisha kuingia kwenye vichochoro vya mji ulioumbwa kwa watu wenye haraka.

Lumiose inataka muda zaidi. Ni Paris ya X na Y, michezo iliyotoka Oktoba 2013: mnara katikati, barabara zinazotoka hapo kama miale, viwanja vyenye majina ya rangi, mikahawa kila kona, teksi, na mbuzi wa kukodi, Gogoat, kwa asiyependa teksi. Watu walipotea. Kamera iligeuka kila ukigeuka, na duka uliloliona jana leo hulioni. Mji uliwahi hata kuwang'ang'ania wageni kwa maana halisi: kulikuwa na hitilafu iliyofanya baadhi ya waliohifadhi mchezo katika mitaa fulani washindwe kuendelea, mpaka marekebisho yalipotolewa mwezi huohuo.

Ndani ya Lumiose kuna hoteli ya kifahari, Hotel Richissime, inayoajiri vibarua. Unaweza kutandika vitanda, kupokea maagizo ya wageni, kutafuta vitu walivyopoteza vyumbani. Unaweza kuifanya kazi hiyo ukiwa tayari bingwa wa nchi nzima, uliyeiokoa dunia kutoka kwa silaha ya maangamizi. Hakuna anayeshangaa. Unapewa shuka. Sijaona mchezo mwingine unaomvua shujaa wake cheo kwa upole kiasi hicho.

Kisa cha Emma nacho huanza baada ya ubingwa, wakati wachezaji wengi wameshazima mashine. Mpelelezi aitwaye Looker anakuita Lumiose umsaidie katika ofisi yake ndogo. Mnamkuta binti anayelala kichochoroni. Hana wazazi, na ndugu yake ni mmoja tu, kiumbe aitwaye Mimi, Espurr mdogo mwenye macho makubwa. Looker anampa mahali pa kukaa. Emma hapendi kula bure, anatafuta kibarua, na kibarua anachokipata ni kwa mwanasayansi Xerosic, salio la genge la Team Flare ulilolivunja katika hadithi kuu. Anavalishwa vazi linaloutawala mwili wake na kumgeuza mwizi, Essentia, huku mwenyewe hana habari. Unapambana naye ukijua ni nani aliye ndani. Mwisho Xerosic anakamatwa, Looker anaondoka naye, na ofisi anamwachia Emma.

Nimeona watu wazima wakilia kwa kisa hiki, tena watu wasiolia kwa filamu. Sababu, nafikiri, ni kwamba Emma anaomba kitu kilekile ambacho miji yote hii imekuwa ikimpa mchezaji. Mchezaji ana kwao, ana mama anayemsubiri, na kila anakofika anapewa kazi ya kufanya. Emma ni mzaliwa wa mji huo, na hakuna aliyewahi kumkabidhi hata ufagio. Wa kwanza kumpa kazi alikuwa mhalifu. Katika mchezo uliouzwa kwa watoto, hiyo ni kauli nzito kuhusu miji, na wameiweka mahali ambapo asiyetaka hataiona.

Tarehe 16 Oktoba 2025 Lumiose ilirudi, safari hii ikiwa mchezo mzima. Pokémon Legends: Z-A imewekwa miaka mitano baada ya X na Y na haitoki nje ya mji. Unafika kwa treni kama mtalii, unakaribishwa katika hoteli ya kale, na usiku unashindana mitaani ukipanda kutoka daraja Z hadi A. Kampuni inayosimamia ujenzi mpya wa mji imezungushia uzio maeneo ambamo viumbe wa porini wanaishi katikati ya nyumba za watu. Pori alilolikosa Tajiri limerudishwa mjini, ila sasa lina geti.

Kazi za pembeni zimo tele, kila moja na namba yake, na ramani inakuonyesha kwa alama nani anakuhitaji na amesimama wapi. Nilizifurahia nyingi. Hata hivyo alama ile imeondoa kitu. Msichana wa paani hakuwa na alama juu ya kichwa. Ilibidi umwone mwenyewe na uamue kumjali. Katika Z-A unafika, unatimiza, unapokea, unafuta kwenye orodha. Watu wa mji wamepewa namba, na mara walipopewa namba wakaanza kukamatika kama viumbe wa majanini. Jembe limegeuka kibarua.

Halafu kuna suala la milango. Kuta nyingi za Lumiose mpya zina madirisha na roshani zilizochorwa bapa, na milango mingi haifunguki. Shangazi angefurahi: hatimaye mtoto kafunzwa kutoingia nyumba za watu. Lakini mji ambao huingii nyumba zake ni mandhari tu, hata uwe na paa za kupanda na vijia vya kuruka. Celadon ina majengo ya kuhesabika, yamechorwa kwa vijiraba vya kijivu, na karibu kila mlango wake ukiusukuma una mtu. Kwa hesabu yangu, Celadon ya 1996 ni mji mkubwa kuliko Lumiose ya 2025.

Kwa jambo moja naushukuru mchezo mpya. Emma yumo, amekua, na ndiye anayeiendesha ofisi ya upelelezi aliyoachiwa. Aliyerukia Z-A bila kupitia X au Y, au aliyezima mashine siku ileile aliyotwaa ubingwa, atamwona mpelelezi mwenye bidii, basi. Kwa hiyo, kama una X au Y imelala kabatini, iwashe kabla hujanunua mpya, umalize kisa chake. Na kama bado una muda, pita hotelini ukatandike vitanda. Wageni wako wengi.